Kaseti za Jana, Simujanja za Leo: Namna ya Kuishi na Vyote Viwili

Watu wa rika langu, yaani sisi tuliojifunza kutafuta stesheni ya redio kwa kuzungusha kitufe taratibu kabla hatujajua kwamba siku moja tutatembea na simujanja mfukoni, tuna mazoea ambayo nimeyaona kwangu mwenyewe na kwa wenzangu wengi. Tukikaa pamoja, haupiti muda mrefu kabla ya mazungumzo kugeukia utotoni: michezo ya nje iliyokatizwa na giza tu, televisheni moja iliyotazamwa na watu wa chumba kizima, kaseti zilizoazimwa huku na kule mpaka zikachakaa. Maombolezo hayo yakifika kilele, mmoja wetu hutoa simu na kutuonyesha picha ya darasa letu la zamani aliyotumiwa na mtu aliye mbali, nasi sote tunaikodolea macho skrini ile ile tuliyokuwa tukiilaani. Sioni unafiki katika jambo hilo. Naona watu ambao hawajaamua ni kitu gani hasa wanachokitaka kutoka katika utoto wao, na kwa kuwa hawajaamua, hutumia nguvu nyingi kuilaumu teknolojia yote kwa jumla badala ya kushughulika na ile sehemu yake ndogo inayowaumiza.

Msimamo wangu, ambao nimeufikia baada ya kulitafakari suala hili kwa miaka kadhaa, ni kwamba tunachokitamani zaidi kutoka wakati ule ni mipaka. Vitu vyetu vilikuwa na mwisho. Kaseti iliisha upande mmoja ikabidi uigeuze, filamu ya kamera iliisha baada ya picha 24 au 36, televisheni ilifunga matangazo usiku, na simu ilibaki mezani mtu alipotoka nje. Mipaka hiyo haikuwekwa kwa hekima ya wazazi wetu wala kwa wema wa watengenezaji. Ilitokana na uhaba na ukomo wa ufundi wa siku zile. Hata hivyo ilitufanyia kazi ambayo leo hakuna anayeifanya kwa niaba yetu, na kwa hiyo imetubidi tuifanye wenyewe.

Kabla ya kueleza namna ya kuifanya, ni vyema kwanza kuiondolea hamu ya zamani ile aibu ambayo baadhi yetu huihisi. Mwaka 1688, Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel nchini Uswisi, aliandika tasnifu iliyoeleza kwamba kukumbuka nyumbani kupita kiasi ni maradhi kamili, na kwa muda mrefu baada yake madaktari wa Ulaya waliendelea kuyahesabu hivyo, hasa kwa askari waliopelekwa mbali na kwao. Mtazamo wa leo ni tofauti. Tangu mwaka 2006, Constantine Sedikides, Tim Wildschut na wenzao wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza wamechapisha tafiti nyingi zinazoonyesha kwamba mara nyingi mtu huikimbilia zamani anapokuwa mpweke au mwenye huzuni, na kwamba akishaikumbuka hujihisi yuko karibu zaidi na watu wake. Walipowaomba washiriki waandike kumbukumbu wanazozithamini, masimulizi yalijaa watu: msimulizi mwenyewe akiwa katikati ya ndugu, marafiki na wapenzi wake. Vitu vilitajwa, lakini kwa uchache. Nalisema hili kwa sababu biashara ya vifaa vyenye sura ya kale imeshamiri, na mtu aliyechoshwa na simu yake hushawishika kwa urahisi kwamba akinunua redio ya mbao yenye vitufe vikubwa atakuwa amerudishiwa jioni za utotoni. Atakuwa amenunua redio.

Lipo jambo jingine linalofaa kujulikana, na ambalo limenifanya niwe mpole ninapobishana na vijana. Watu waliovuka umri wa miaka 40 wakiulizwa kuhusu maisha yao, kumbukumbu nyingi kupita kiasi huangukia kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Wanasaikolojia wamelishuhudia jambo hili mara nyingi. Kwa hiyo, muziki wetu ulikuwa bora kwa sababu zake, lakini kwa sehemu ulikuwa bora kwa kuwa ulitukuta tukiwa na umri wa kushika kila kitu. Binti anayepita barabarani leo akiwa na spika masikioni atafika siku moja ausikie mlio wa arifa ya programu iliyokwisha kufa, na machozi yatamlengalenga kama yanavyotulengalenga sisi.

Tuichunguze kaseti kwa karibu, maana ndiyo inayotajwa kuliko vyote. Kampuni ya Philips iliitambulisha mwaka 1963, na Sony ilipotoa Walkman mwaka 1979 ikawezekana mtu kutembea na muziki wake bila kuwasumbua wengine. Ndani ya kaseti ya dakika 60 mna utepe mwembamba wa karibu mita 90, unaopita mbele ya kichwa cha mashine kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Utepe uliponaswa, ulizima mashine haraka, ukauvuta polepole kwa ncha za vidole usije ukakatika, kisha ukaichomeka kalamu yenye pembe sita katika tundu lenye meno na kuizungusha mpaka mikunjo yote ikaingia ndani. Mahali palipokunjika palibaki na mtetemo wa sauti, na mpaka leo nikiusikia mmoja wa nyimbo zile katika rekodi safi ya kidijitali, sikio langu huungoja mtetemo usiokuja. Kuruka wimbo kulikuwa kazi ya kubahatisha, kwani ulipeleka utepe mbele, ukasimamisha, ukakuta umepitiliza, ukarudisha nyuma. Matokeo yake tulisikiliza hata nyimbo tusizozipenda, na baadhi yake zilitushinda ukaidi tukazipenda.

Linganisha hali hiyo na mkondo wa machapisho katika mitandao ya kijamii. Mwaka 2006, mbunifu wa Kimarekani Aza Raskin alibuni njia ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kadiri msomaji anavyoteremka, njia ambayo baadaye amesema hadharani kwamba anaijutia. Ukurasa wa awali ulikulazimu ubofye ili uende kwenye unaofuata, na katika nukta ile ya kubofya ulipata nafasi ya kujiuliza kama umetosheka. Nafasi hiyo ndiyo iliyoondolewa, na ndiyo ninayokushauri uirudishe kwa njia yoyote iliyo ndani ya uwezo wako.

Kwa upande wa muziki na video, njia yenyewe ni nyepesi: zima kipengele kinachoanzisha kitu kingine pale cha kwanza kinapoisha, na usikilize albamu moja tangu mwanzo hadi mwisho badala ya kuiachia programu ikuchagulie. Ukimya unaofuata utakushtua kidogo mwanzoni. Kwa upande wa arifa, acha zile zinazotoka kwa binadamu aliyekusudia kuzungumza nawe, yaani simu na ujumbe, kisha zima zile zinazotungwa na programu zenyewe ili kukuita urudi. Sikushauri utegemee sana vile vipimo vya muda wa skrini ambavyo Apple na Google waliviweka katika simu kuanzia mwaka 2018. Nimevitumia, na naona vinafaa kukuonyesha ukweli lakini havina nguvu ya kukuzuia, kwa kuwa aliyeweka kikomo ndiye huyo huyo mwenye ruhusa ya kukipuuza.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuipatia simu mahali pake pa kukaa. Simu ya utotoni mwetu ilikuwa na makazi. Uliifuata ilipo, ukazungumza ukiwa umesimama au umeketi kando yake, ukaiacha pale ukaenda zako. Simujanja nayo inaweza kulazimishwa kuishi hivyo ikiwa nyumbani. Chaja yake ikae sebuleni au ukumbini, isiingie chumba cha kulala, na anayetaka kuitumia ainuke aifuate. Najua jibu linalotolewa hapa kila mara, kwamba simu ndiyo inayomwamsha mtu asubuhi. Basi nunua saa ya kuamshia, ile ya betri isiyojua kitu kingine chochote. Hiki ndicho kifaa pekee cha mtindo wa kale ninachokupigia debe ununue, na sababu yake haihusiani na uzuri wa umbo lake: kinafanya kazi moja, na ukishakizima hakina habari nyingine ya kukupa. Wenye kazi za dharura au wagonjwa wa kuangalia watahitaji utaratibu mwingine, na hilo halina ubishi.

Kuhusu picha nina maneno zaidi kidogo. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield nchini Marekani aliwatembeza watu katika jumba la makumbusho, akawaambia baadhi ya vitu wavipige picha na vingine wavitazame tu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, vitu vilivyopigwa picha nzima vilikumbukwa vibaya zaidi kuliko vilivyotazamwa, ilhali pale mpigaji alipokivuta karibu kipande kimoja cha kitu hicho, kumbukumbu yake haikudhurika. Matokeo hayo yananikumbusha namna mwenye kamera ya filamu alivyokuwa akifanya: alitazama kwanza, akasogea, akawapanga watu, akasita, ndipo akabonyeza, kwa kuwa alijua zimebaki picha chache. Si lazima urudi kwenye filamu ili upate uangalifu huo. Katika safari au sherehe, jiwekee idadi ya picha ambayo hutaizidisha, kisha simu iingie mfukoni. Baada ya hapo chagua zile chache zinazostahili, uzichapishe kwenye karatasi, na nyingine uzifute bila huruma. Maelfu ya picha ambazo hakuna atakayezifungua hazina tofauti kubwa na picha ambazo hazikupigwa.

Hadi hapa nimezungumzia namna ya kuiwekea teknolojia mipaka ya kale. Upande wa pili, ambao ndio unaonipa furaha zaidi, ni kuitumia teknolojia hiyo hiyo kuokoa mabaki ya kale yasipotee, na hapa wengi wanaopenda mambo ya kale wamelala. Mtu anaweza kuimba sifa za kaseti mwaka mzima huku kaseti za familia yake zikiwa zinaharibika katika boksi chini ya kitanda. Utepe wa sumaku haudumu milele. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku juu ya plastiki hunyonya unyevu na kudhoofika, na joto huiharakisha hali hiyo. Mashine nazo zinaadimika. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa imebaki ikitengeneza mashine za kanda za video za VHS, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016, na tangu hapo anayezihitaji hutegemea zilizotumika na mafundi wachache wanaozijua.

Anayetaka kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti hahitaji mitambo mikubwa. Kinachotakiwa ni kinasa sauti kinachofanya kazi vizuri, waya kutoka tundu lake la spika za masikioni hadi sehemu ya kuingizia sauti ya kompyuta, na programu ya kurekodi kama Audacity, ambayo hutolewa bure. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba yenye spiriti safi, jaribu kwanza kaseti usiyoijali, halafu ile yenye thamani uipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma yote ili utepe ulegee mahali uliposhikana. Anza kurekodi kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza. Utepe uliozeeka sana unaweza ukacheza vyema mara moja tu, na lingekuwa jambo la kusikitisha iwapo mara hiyo ingekuwa ya majaribio. Hifadhi nakala kuu katika faili la WAV, ambalo halipunguzi chochote, kisha tengeneza MP3 kwa ajili ya kuwatumia ndugu.

Ukishaanza kazi hiyo utagundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba hazina haiko mahali ulipoitarajia. Katika kaseti moja ya nyumbani kwetu, iliyorekodiwa kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio, wimbo unaendelea vizuri mpaka katikati, ndipo mlango unapofunguliwa kwa nguvu, mtoto anauliza jambo lisilosikika sawasawa, na mama anaagiza kwa sauti ya chini kwamba tunyamaze, kuna kitu kinarekodiwa. Wakati ule tuliihesabu kanda hiyo kuwa imeharibika. Wimbo wenyewe leo unapatikana mtandaoni kwa sekunde chache tu, ukiwa safi kuliko tulivyowahi kuusikia, lakini sekunde zile za mama haziko mahali pengine popote. Kwa hiyo usisafishe rekodi zako kwa pupa, na usiruke kaseti kwa kuwa lebo yake inasema ni nyimbo za redio tu.

Picha za karatasi zina kanuni zake. Zile zilizogandishwa katika albamu za kurasa za gundi usizibandue kwa nguvu. Zipitishe kwenye skana zikiwa pale pale kwenye ukurasa. Picha ndogo zipitishwe kwa nukta 600 kwa inchi, ili zikikuzwa zisipoteze sura. Maandishi yaliyo nyuma yapigwe picha pia, na kama unataka kuandika mwenyewe, tumia penseli laini badala ya kalamu ya wino. Filamu zenyewe usizitupe hata baada ya kuchapishwa. Mafaili yote yakishapatikana, fuata utaratibu unaopendekezwa na wahifadhi wengi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, moja kati yake ikiwa nje ya nyumba, ambapo hifadhi ya mtandaoni inatosha.

Tahadhari moja ihusu zile kumbukumbu zinazoletwa na programu zenyewe, zikikuonyesha picha ya siku kama ya leo miaka iliyopita. Wakati mwingine hufurahisha. Wakati mwingine humletea mtu, saa anapojiandaa kwenda kazini, uso wa marehemu ambaye hakuwa tayari kumwona asubuhi ile. Google Photos na programu nyinginezo zina mpangilio wa kuficha watu au tarehe fulani zisiletwe tena, na hakuna dhambi kuutumia. Zamani inafaa kutembelewa kwa hiari ya mwenyewe.

Na watoto je? Wazazi wengi wa rika langu huwahubiria watoto wao juu ya utoto uliokuwa bora, mahubiri ambayo sijaona yakizaa matunda, maana mtoto hawezi kutamani maisha ambayo hakuyaishi, na asichokisikia katika sauti yako ni ushauri. Anachosikia ni kwamba amezaliwa amechelewa. Kwa wadogo sana mwongozo upo: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mapendekezo kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na kwamba pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kwa wakubwa kidogo, nashauri uwape kazi. Wao ndio wenye vidole vyepesi na subira ya kupanga mafaili, basi wakabidhi boksi la picha na skana, wewe uketi kando uwe mtu wa kuulizwa. Maswali yatakuja yenyewe, na utasimulia kwa sababu umeulizwa.

Nami nisije nikaonekana naitukuza zamani yote. Sizikumbuki kwa hamu zile wiki za kungoja barua bila kujua kama mtu amefika salama, wala filamu iliyoingia mwanga picha zote zikaungua, wala kukosa kipindi kwa kuchelewa kidogo na kutokuwa na njia ya kukiona tena maishani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika haya kipya hakina kidonda chochote; mtu anayemwona mjukuu aliye bara jingine kwenye skrini hana sababu ya kutamani simu ya mezani.

Ukitaka pa kuanzia, anza na ndugu yako mwenye umri mkubwa zaidi, kabla ya kaseti na kabla ya albamu, kwa sababu kanda inaweza kungoja hadi mwaka ujao. Nenda na picha chache za zamani. Weka simu mezani, izime mawasiliano ili asiingie mtu katikati, fungua kinasa sauti, na utamke mwanzoni tarehe, mahali na jina la anayezungumza. Usiulize maisha yalikuwaje zamani, maana swali hilo hujibiwa kwa maneno mawili. Mwonyeshe picha na umwulize ni nani yule aliyesimama pembeni kabisa, na nani alikuwa ameshika kamera. Akinyamaza usimkatize. Ukirudi nyumbani, lipe faili jina linaloanza na mwaka, kisha jina lake, kisha jambo mlilolizungumza, na uwatumie nakala watu wengine wawili wa familia usiku huo huo.